Aliyeitwa Kumwosha Mzee Primus

Scola alipoambiwa kwamba baba yake ameruhusiwa kurudi nyumbani, alimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, chupa ya uji mkono mmoja na kikapu cha nguo safi mkono wa pili, na hakuona sababu ya kuificha furaha yake. Akaweka kikapu na chupa chini, akamshika daktari mikono yote miwili, akamwambia Mungu atamlipa. Kichwani alikwishaanza kupanga: atampigia mdogo wake Emilian aliyeko Mwanza, atatafuta taksi, njiani watapita buchani wachukue nyama ya kupikia mtori wa ndizi.

Daktari, kijana wa umri wa mtoto wa kwanza wa Scola, hakuitoa mikono yake. Alimsubiri amalize.

"Mama," akasema, "hatumruhusu kwa kuwa amepona. Tunamruhusu kwa kuwa hapa hatuna tena la kumfanyia. Ile saratani ya koo imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana miguu imekufa ganzi. Mrudisheni nyumbani, akae na watu wake."

Scola aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine, ila yalikataa kuungana. Akauliza, "Sasa kliniki arudi lini?" Daktari akamwambia hakuna kurudi kliniki. Akauliza swali lilelile kwa maneno mengine, akajibiwa vilevile. Ndipo alipokaa sakafuni palepale pembeni ya kikapu, watu wakimpita na mashuka yao.

Mzee Primus alikuwa mtu wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mkulima wa kahawa na migomba, mtu ambaye hata akienda kukata majani ya ng'ombe alivaa shati lenye kola na kulifunga vifungo mpaka juu. Mkewe, Grasiana, aligongwa na gari akafariki miaka kadhaa nyuma akitoka misa ya asubuhi, na tangu hapo mzee aliishi peke yake kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Scola alikuwa Soweto, mjini Moshi, akishona sare za shule, na kila alipomwomba baba yake ateremke akaishi naye, mzee alimjibu kwamba mgomba haupandwi kwenye ndoo. Alipougua alificha. Siku alipozidiwa, Scola alipigiwa simu na hospitali. Alipofika alimkuta baba yake kitandani, na wauguzi wakamwambia kuna mwanamume alimleta, akamsajili, akaondoka. "Ni nani huyo, baba, nimshukuru?" Scola akauliza. Mzee akafumba macho na kusema ni jirani tu.

Basi wakampandisha Kibosho kwa gari la kukodi, amelazwa siti ya nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua. Kila gari liliporuka, mzee alitoa sauti ambayo Scola hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu yeyote. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama kuni inayopasuliwa.

Walipofika, jirani yao Mama Theodora alikuwa ameshafagia nyumba na kutandika. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na siku hiyohiyo aligawa zamu kwa wanawake wenzake: huyu ataleta maziwa, huyu atafua, huyu atapika uji mwepesi unaopita kooni. Scola akapumua. Akajiambia, kumbe inawezekana.

Asubuhi iliyofuata aliingia chumbani na chai, akakuta harufu imemtangulia mlangoni. Godoro lilikuwa limelowa. Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani, blanketi amelivuta mpaka kidevuni, vidole vimeling'ang'ania.

"Baba, shikamoo. Ngoja nikubadilishe."

"Toka nje."

"Baba, utapata vidonda."

"Nimesema toka nje, Scolastika." Jina lake zima alilitumia pale tu alipokuwa na hasira, ila sauti haikuwa ya hasira. "Binti hamvui baba yake nguo. Ukinifunua leo, sitakuwa baba yako tena. Niache nioze."

Scola alisimama na kikombe mkononi, ameduwaa. Katika mambo yote aliyoyafikiria njiani, dawa, chakula, godoro, nani alale naye chumba kimoja, hili hakulifikiria hata kidogo. Wanawake wa jumuiya nao walikuwa wanawake. Mumewe, Ebenezeri, alikuwa tayari kupanda Kibosho siku hiyohiyo, lakini mkwe kumwona mkwewe uchi ni jambo ambalo hata kulitaja hawakulitaja. Akampigia Emilian. Emilian alilia kwenye simu, akasema kiwandani wamemnyima ruhusa mpaka mwezi uishe. Binamu waliobaki kijijini walikuwa wawili. Mmoja mgongo wake umepinda, wa pili hujulikana zaidi vilabu vya pombe ya mbege kuliko nyumbani kwake. Wakapata kijana wa kulipwa kutoka mtaa wa chini. Aliingia chumbani, akatoka mbio amejifunika pua, akashika njia hata bila kuaga.

Siku ya tatu Scola aliziba masikio. Alijiambia huyu ni mgonjwa, na mgonjwa haulizwi. Akaingia na beseni, akamshika baba yake mikono kwa mkono mmoja, akalivuta blanketi. Mzee hakuwa na nguvu ya kupigana. Alilia. Mzee Primus, ambaye watoto wake hawakuona chozi lake hata kaburini kwa mama yao, alilia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni, amefumba macho asimwone binti yake akimwona. Scola alidondosha kitambaa kwenye maji, akamfunika tena upesi, akatoka nje akashikilia nguzo ya kibaraza. Alihisi ametenda jambo baya kuliko ugonjwa wenyewe.

Hapo ndipo alipofika muuguzi Juliana.

Mama Theodora alikuwa amepeleka habari zahanati ya parokia, ambako Juliana hufanya kazi ya kuzungukia wagonjwa wa aina hii majumbani. Alikuja kwa pikipiki, mkoba umefungwa nyuma kwa mpira. Alikaa na mzee muda mrefu, akamwuliza wapi panauma na panauma vipi, kisha akatoka na kuketi na Scola kibarazani.

"Baba yako anateseka kwa maumivu," akasema. "Nimekuja na mofini ya maji. Atameza kidogo kila baada ya saa nne."

Scola akashtuka. "Si ndiyo dawa ya kumalizia watu hiyo?"

"Wengi husema hivyo, kwa sababu huwa tunachelewa kuitwa, tukifika mtu yuko mlangoni pa kifo. Haimuui. Inaua maumivu. Nipe nafasi leo tu uone."

Akampa dawa. Wakasubiri, wakinywa chai. Baada ya muda Scola akasikia sauti ya baba yake kutoka chumbani, ya kawaida kabisa, ikiuliza kama ng'ombe amepewa maji. Akakimbilia ndani. Mzee alikuwa amelegeza mikono, ile mikunjo ya katikati ya nyusi imetoweka. Akaomba uji. Akanywa nusu kikombe. Scola akabaki amemkodolea macho. Furaha na ghadhabu vikamjaa kwa pamoja, maana miezi yote ile mtu huyu alikuwa akiungua, na dawa ya kuuzima moto ilikuwepo.

Juliana alimfundisha mengi siku ile: kumgeuza mgonjwa kwa shuka bila kumvuta, kuweka mto katikati ya magoti, kulainisha midomo kwa pamba. Kisha akasema wazi, "Lakini hili la kumwosha lina jibu moja. Unahitaji mwanamume. Umemwuliza mwenyewe anamtaka nani?"

Scola hakuwa ameuliza. Mgonjwa alikuwa ameshaamuliwa kila kitu, hakuna aliyefikiri kumwuliza chochote.

Juliana alipoondoka, akaingia, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda. "Baba, ni nani ungependa akuoshe? Taja mtu yeyote, nitamfuata."

Mzee aliinua macho darini.

"Mwite Isack," akasema.

"Isack gani?"

"Isack wa Rau."

Scola alimjua Isack mmoja tu wa Rau, na kwa kitambo akakataa kwamba ndiye. Akatafuta kichwani Isack mwingine, fundi, mfanyabiashara wa maziwa, mtu wa kwaya. Hakumpata. Aliyempata ni yule aliyesimama kizimbani mjini Moshi, mkono umefungwa bendeji, uso umevimba kwa kipigo cha wananchi. Dereva wa pikapu ya ndizi. Yule aliyemgonga mama yake, akamwua.

"Baba," akasema taratibu, "hiyo dawa inakuchanganya."

"Sijachanganyikiwa. Mwite Isack. Ndiye aliyenipeleka hospitali."

Scola alishika ukingo wa kitanda.

"Yule jirani?"

"Nilikwambia jirani kwa sababu nilikuwa mgonjwa, sikuwa na nguvu ya vita." Mzee akapumzika, akameza mate kwa shida. "Alitoka gerezani, akaja hapa. Nilimfukuza kwa panga. Akarudi. Nikamwambia, kama umekuja kutafuta msamaha nenda kwa padri, kama umekuja kufanya kazi, majani ya ng'ombe yapo. Akaenda kukata majani. Tangu siku hiyo hajaacha kuja."

"Na Krismasi? Kila Krismasi tunakuja hapa na watoto!"

"Krismasi namwambia asije."

Scola akatoka bila kuaga. Alipita katikati ya migomba mpaka kwa Mama Theodora, akamkuta akichambua maharage uani, na kabla hajafungua kinywa, mama yule akamwona usoni akajua. Akaweka ungo chini.

"Amekwambia."

"Kumbe wewe unajua?"

"Mwanangu, nani hajui? Anapita hapa kwangu na mzigo wa majani kichwani. Anasalimia. Mwanzoni tulikuwa hatuitikii."

"Mnapika naye? Mnakula naye? Mtu aliyemwua mama yangu, kijiji kizima mnamwitikia salamu, na mimi mnanichekea tu nikija na keki za Krismasi?"

Mama Theodora hakujitetea. Alisema tu, "Baba yako alituapisha," akavuta kiti amkaribishe. Scola hakukaa. Alirudi kwa njia ileile akitembea upesi, na njia nzima hakujua ni nani hasa anayemkasirikia. Mahakamani, mbele ya hakimu, alimwambia Isack kwamba siku akimkuta popote duniani atamwua kwa mikono yake. Polisi walimtoa nje. Hakuwahi kujuta maneno yale.

Siku iliyofuata mzee alikataa tena kuguswa. Juliana alikuwa amesema kidonda kikishaanza mgongoni hakitapona. Scola alifungua dirisha, akaangalia lile godoro, akaangalia kile kichwa cheupe kilichogeukia ukuta, akavaa viatu. Akamwambia Mama Theodora abaki na mgonjwa.

Aliteremka mpaka Rau. Alimkuta Isack karibu na njia iendayo msituni, kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli, maana usukani hakuushika tena. Alikuwa ameinamia gurudumu. Alipoinua kichwa na kumwona, gurudumu likamponyoka likabingirika mpaka mtaroni. Hakulifuata. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja, mikono ameiacha wazi pembeni kama mtu anayesubiri kupekuliwa.

"Dada Scola."

"Usiniite dada."

"Samahani." Alikuwa amezeeka. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, na ni mtu wa rika la Scola. "Mzee yupo?"

"Angekuwa hayupo angekuita?"

Isack akamwangalia, hajaelewa.

"Anakuita," Scola akasema. "Miguu imekufa. Anajilowesha, na mimi hataki nimguse. Anakutaka wewe."

Scola alikuwa amejiandaa kwa mengi: kwamba mtu huyu atapiga magoti, ataomba radhi, atatoa visingizio, naye apate mahali pa kumtemea yote. Isack hakufanya hata moja. Alisema, "Ngoja ninawe mikono, ina grisi." Akanawa kwa sabuni ya unga, akasugua mpaka kwenye kucha, akafunga kibanda. Njiani alikaa mbali naye. Mara moja tu alisema, bila kumwangalia, "Nilikuja hospitali. Nikachungulia, nikakuona umekaa naye. Nikageuza."

Isack aliingia chumbani kwa mzee na beseni la maji ya moto, akafunga mlango. Scola alibaki nje, mgongo umegusa ukuta. Alisikia maji yakikamuliwa kwenye kitambaa. Alisikia, "Tugeukie huku, mzee, kidogo tu." Kisha akasikia jambo lililomfanya aweke mkono mdomoni. Baba yake alicheka. Kicheko chembamba, cha mtu asiye na pumzi, lakini kicheko.

"Polepole wewe," mzee alikuwa akisema. "Mimi si baiskeli."

Alipoitwa aingie, alimkuta baba yake amevaa shati safi lenye kola, limefungwa vifungo mpaka juu, nywele zimechanwa, shuka limenyooka. Alimwangalia binti yake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu watoke hospitali. "Haya," akasema. "Sasa nisalimie vizuri."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ikawa hivyo. Isack alipanda kila asubuhi, akamwosha mzee, akambadilisha, akatoa nguo chafu nje kwa wanawake wa zamu, akateremka. Scola hakumpa chai. Chai alipewa na Mama Theodora, kwa sauti kubwa ya makusudi. Scola alimwambia tu yaliyo ya lazima: dawa amekunywa, leo asigeuzwe kushoto. Juliana alipokuja alikagua mgongo wa mzee, akasema kidonda hakijafunguka, na kwamba yeyote anayemwosha ana mkono mzuri.

Jambo lililomvunja lilikuja siku ya mvua, Isack akashindwa kuteremka, akabaki amesimama upenuni. Scola alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jiko. Hakupanga kuongea. Swali lilitoka lenyewe.

"Mama alikufa palepale?"

Ndivyo walivyoambiwa. Ndivyo ilivyosomwa mahakamani: alifariki papo hapo. Scola alikuwa amejiegemeza kwenye maneno hayo miaka yote. Hakujua kwa nini aliuliza, labda ili ayasikie tena.

Isack aliyatazama maji ya mvua yakimwagika mbele yake kutoka kwenye bati.

"Hapana," akasema.

Kisu kikasimama.

"Mahakamani waliniuliza mwendo na breki. Breki zilikatika pale kwenye mteremko, niliwaambia. Hakuna aliyeniuliza habari za mama." Alivuta pumzi. "Niliruka nikamkimbilia. Watu walikuwa bado hawajafika. Alikuwa amelala ubavu, macho yako wazi, gauni limepanda juu. Nikamwambia, mama nisamehe. Hakujibu hilo. Akasema, 'Mwanangu, nifunike miguu.' Nikavua shati nikamfunika. Akauliza kama yote imefunikwa. Nikamwambia yote, mama. Akanishika kidole hiki. Wananchi walipoanza kunipiga bado alikuwa amenishika."

Scola hakusikia mvua tena. Alikuwa akimwona mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi kutoka nje bila khanga ya pili, amelala kwenye barabara ya vumbi akihangaikia miguu yake. Alikuwa hai. Alikuwa na akili zake. Aliongea, na aliyeongea naye ni huyu. Maneno ya mwisho ya mama yake yalikuwa yamekaa kwenye kichwa cha mtu huyu muda wote huo, na yeye Scola alitaka kukipasua kichwa hicho.

"Baba anajua?" akauliza hatimaye.

"Nilimwambia siku ile alipotaka kunikata na panga."

Akaingia kwa baba yake bila kujifuta mikono. Mzee alikuwa macho. Dirisha lilikuwa wazi, alikuwa amesikia.

"Ndiyo maana," mzee akasema. "Wewe umeniuliza namtaka nani. Nimemtaka aliyemsitiri mama yako."

Scola alipiga magoti pembeni ya kitanda, akalaza uso wake kwenye shuka, na akalia kilio alichokuwa amekibana tangu mahakamani. Mzee aliweka mkono wake mwepesi kichwani mwake. Alipotoka nje, mvua ilikuwa imepungua na Isack alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake alimwekea chai. Aliiweka juu ya ukuta wa kibaraza, akaingia ndani. Alipotoka, kikombe kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa.

Emilian alifika kutoka Mwanza mwezi ulipoisha. Scola hakuwa amemwambia. Alikosa jinsi ya kulisema kwenye simu. Emilian aliingia uani na begi mgongoni, akakutana uso kwa uso na Isack akitoka jikoni na beseni la maji ya moto. Alimtambua mara moja. Scola aliona rangi ya mdogo wake ikibadilika, akaona begi likianguka, akaona mkono umeshika kola ya Isack. Maji yalimwagikia wote wawili miguuni. Isack hakuinua mkono.

"Huyu anafanya nini hapa? Scola! Huyu anafanya nini nyumbani kwa mama yangu?"

"Mwachie."

"Una wazimu?"

"Nilikuwa nao kama wewe. Mwachie, nitakueleza. Lakini baba anasubiri kuoshwa, na maji yamemwagika." Akalichukua beseni, akaingia jikoni, akalijaza upya, akamletea mdogo wake. "Kama hutaki yeye aingie, ingia wewe. Wewe ndiye mtoto wa kiume."

Emilian alilipokea kama mtu aliyepewa kitu kinachouma. Akaingia. Mlango ukafungwa. Haukupita muda akatoka, akapita bila kusema, akaenda kuinama kwenye mibuni na kutapika. Alikuwa amemwacha baba yake mtu mwenye mabega. Aliyemkuta chini ya shuka lile hakumjua. Alikaa huko chini ya migomba, mikono kichwani, na Scola akamfuata, akamwambia yote: majani ya ng'ombe, hospitali, shati lililomfunika mama. Emilian alisikiliza mdomo wazi. Mwishowe akasimama, akakunja mikono ya shati, akarudi chumbani ambako Isack alikuwa ameshaanza, na Scola akamsikia akiuliza kwa sauti nzito:

"Nishike wapi?"

"Shika bega," Isack akajibu. "Mwambie kwanza kwamba unamgeuza. Anapenda kuambiwa."

Mzee Primus alifariki mchana, jua likiwa kali, baada ya kunywa mtori mwepesi na kulalamika hauna chumvi. Alikuwa na watoto wake wote wawili. Juliana aliwahi kuja asubuhi hiyo, akasikiliza kifua, akawaambia wasiende mbali. Mzee hakulia kwa maumivu. Alipumua, akapumzika, akapumua, kisha akapumzika wasimsikie tena. Scola ndiye aliyemfumba macho. Pamoja na kuambiwa mapema, pamoja na kujua tangu siku ile ya wodini, mshtuko ulimpiga upya kama hakuwahi kuambiwa lolote, akabaki akimwita baba yake kwa sauti ya kawaida, kama anayemwamsha.

Emilian na Isack walimwosha kwa mara ya mwisho. Scola na Mama Theodora walikaa nje. Baadaye kidogo Juliana alikuja kuchukua chupa ya mofini iliyobaki, kama ilivyo utaratibu wao, akawakumbatia, akapanda pikipiki yake, maana alikuwa na mgonjwa mwingine juu zaidi.

Siku ya mazishi watu walijaa kihamba chote. Shangazi yao Lukresia, dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka Arusha, aliketi karibu na Scola turubaini. Alikuwa akimtazama mwanamume mmoja aliyesimama nyuma kabisa, peke yake, ameshika kofia.

"Yule ni nani?" akauliza. "Kama namfahamu."

Scola alimwangalia Isack. Alitafuta neno. Jirani halikufaa, ndugu lilikuwa kubwa mno, na lile alilokuwa akimwita miaka yote lilikataa kutoka.

"Ni Isack wa Rau," akasema. "Ndiye aliyemgonga mama. Na ndiye aliyemuuguza baba."

Shangazi akageuka akamkazia macho, kinywa wazi. Scola alinyanyuka, akachukua kiti cha plastiki kilichokuwa tupu, akapita nacho katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, akampa Isack akae.